Doa la Manjano, Doa la Kutu: Kwa Nini Picha Nyingine za Rangi za Asili Hudumu na Nyingine Hufifia

Kanzu nyeupe ina maadui wawili ambao kila mfuaji wa Malindi anawajua. Wa kwanza ni mchuzi uliotiwa manjano. Wa pili ni msumari, au waya wa kuanikia, ulioshika kutu. Doa la manjano linatisha: ukilipaka sabuni ya kipande linageuka jekundu, ukadhani nguo imekwisha kazi. Lakini ianike juani, siku chache doa limepotea. Doa la kutu halitishi mtu. Ni alama ndogo tu ya hudhurungi, nayo itakaa pale pale mpaka kanzu igeuke tambara la kudekia.

Yote mawili ni ya asili. Moja limetoka kwenye mzizi, jingine kwenye chuma na hewa yenye unyevu. Ukielewa kwa nini moja linaondoka na jingine linabaki, umeelewa nusu ya somo la kuchora mandhari kwa rangi za asili juu ya vitambaa chakavu, nayo ni ile nusu ambayo video za kwenye simu huiruka. Humo utaona bizari, rosela, bitiruti na majani mabichi yakipondwa, yakipakwa juu ya leso kuukuu, na mandhari ya bahari na minazi ikatoka safi. Kamera hairudi baada ya miezi mitatu. Anayerudi ni mwenye picha, akiwa na kitambaa cheupe chenye kivuli cha minazi, na maneno mawili mdomoni: ama "rangi za asili hazidumu," ama "nimeuziwa bandia." Kwote amekosea mahali pamoja. Ameuliza rangi imetoka wapi, hakuuliza imekaaje kwenye nguo.

Sukari na mchanga

Kiswahili kinatupa neno moja, rangi, kwa vitu viwili visivyofanana, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Chukua vikombe viwili vya maji moto. Kimoja tia sukari, kingine tia mchanga, ukoroge. Sukari inayeyuka, huioni tena. Mchanga unazunguka kidogo kisha unatua chini.

Rangi ya kuchovya ni kama ile sukari. Inayeyuka majini na kuingia ndani ya nyuzi za nguo. Manjano, rosela, hina na maji ya magome ya mikoko yote yako kundi hili. Rangi ya kupaka ni kama mchanga, ila ni unga laini sana. Haiyeyuki, inakaa juu ya kitambaa au katikati ya nyuzi zake. Hapa ndipo penye udongo mwekundu, mkaa, masizi na chokaa.

Kila moja ina hitaji lake. Rangi ya kupaka haina mkono wa kushikia, kwa hiyo inahitaji gundi. Rangi ya kuchovya huhitaji kitu cha kuifunga kwenye uzi, na kwa pamba kitu hicho mara nyingi ni shabu, ile ile jiwe jeupe inayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili. Ukitia shabu mahali pa gundi, au gundi mahali pa shabu, umepoteza siku.

Na jua? Rangi ya mmea ni muundo wa kaboni wenye viungo vingi, na mwanga mkali huvikata viungo hivyo kimoja kimoja. Vikikatika vya kutosha, macho hayaoni rangi tena. Udongo mwekundu rangi yake ni chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, yaani kutu. Jua halina la kukata. Udongo wa Magarini, jirani ya Malindi, umekuwa ukipigwa na jua tangu kabla ya mji kuwepo na bado ni mwekundu, hivyo hauwezi kufifia ukutani kwa mtu.

Nili, ile rangi ya buluu, ni ndugu wa pembeni katika ukoo huu. Imetoka kwenye mmea lakini yenyewe haiyeyuki majini, na inavumilia mwanga kuliko wenzake wengi. Tutairudia, maana ina kazi yake.

Udongo unapatikana wapi, na unasafishwaje

Malindi ina bahati. Ukitoka mjini kuelekea Magarini ardhi inageuka nyekundu. Kule Marafa, bonde la Nyari limepasuka likaonyesha tabaka nyeupe, waridi, chungwa na damu ya mzee, moja juu ya nyingine. Mto Sabaki nao unamwaga matope ya rangi ya maji ya kunde mpaka baharini.

Lakini Nyari si duka la rangi. Kuta zile huporomoka zenyewe kila mvua kubwa, na wageni hulipa ili waje kuzitazama. Kuzichokoa kwa jembe ni kuwala wenyeji mfukoni. Udongo mzuri, tena wa rangi mbalimbali, hupatikana bure kwenye shimo la choo au msingi wa nyumba unaochimbwa: kila hatua chini rangi inabadilika. Omba kopo la kilo mbili kutoka kila tabaka. Linatosha picha kadhaa. Acha udongo wa juu kabisa, ule mweusi wenye mizizi na mboji, kwa sababu ndio unaoota kuvu kwenye picha.

Anika mpaka ukauke kabisa, twanga kwenye kinu (si kile cha kisamvu), chekecha. Kisha tia sehemu moja ya udongo kwenye ndoo yenye sehemu nne za maji, koroga kwa nguvu, hesabu mpaka thelathini, na umimine yale maji mazito kwenye ndoo ya pili. Kilichobaki chini ya ndoo ya kwanza ni mchanga. Rudia mara mbili tatu. Ndoo ya pili iachwe itulie usiku kucha au zaidi, umwage maji meupe ya juu taratibu, na tope laini lililobaki ulitandaze kwenye sinia likauke. Siri yote ni muda: mchanga hutua kwa sekunde, unga mzito kwa dakika, na ule laini kabisa huchukua saa nyingi. Unachotaka ni huo wa mwisho.

Tumia maji baridi ya mvua au ya bomba, si ya bahari wala ya kisima chenye chumvi. Chumvi hufanya chembe laini zigandamane na kuzama haraka pamoja na takataka, ndivyo matope ya Sabaki yanavyoanza kutua yakikutana na bahari. Tena chumvi ikibaki ndani ya rangi itavuta unyevu maisha yake yote.

Kabla ya kuanika, dondoshea tone la limau kwenye tope. Likitoa povu, kuna chembe za matumbawe ndani. Si hatari, ila rangi hiyo itakuwa hafifu na yenye kukwaruza. Tafuta shimo jingine.

Udongo wa manjano unaweza kukupa rangi kadhaa kwa moto wa jiko la makaa. Udongo huo ni kutu iliyobeba maji ndani yake, na moto unapoyafukuza hayo maji, kwenye joto la nyuzi 300 hivi, rangi inahama kutoka manjano kwenda chungwa, kisha nyekundu. Tandaza unga kwenye kikaango kikuukuu, geuza kama unayekaanga karanga, na kila rangi inapokupendeza toa vijiko kadhaa pembeni. Fanya nje. Mboji ikiungua inanuka vibaya.

Nyeusi iliyo bora hutoka kwenye vifuu vya nazi vilivyochomwa ndani ya kopo lililofunikwa. Ni vigumu kusaga, na hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema, wakapata nyeusi yenye punje. Saga na maji kidogo juu ya kigae au kioo kwa jiwe laini, dakika ishirini bila haraka.

Bahari bila buluu

Sasa tatizo. Ardhi yetu inatoa nyekundu, manjano, hudhurungi, nyeupe na nyeusi. Buluu haitoi. Na nani atachora Malindi bila bahari?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni hila ya macho. Changanya nyeusi ya vifuu na nyeupe nyingi, upate kijivu. Peke yake ni kijivu. Kiweke kando ya udongo mwekundu uliokolea na jicho litakiona kama samawati. Kwa anga la asubuhi yenye mawingu inatosha kabisa. Kwa njia hiyo hiyo, udongo wa manjano ukitiwa nyeusi kidogo kidogo hutoa kijani kizito cha mikoko, na wasioamini wajaribu na vijiko viwili.

Ya pili ni kukubali kwamba bahari ya Malindi si buluu kila siku. Mvua zikinyesha bara, Sabaki ikifurika, ghuba inakuwa kahawia. Kulichora hilo si kosa, ni ukweli ambao kadi za watalii haziuonyeshi.

Ya tatu ndiyo inayoeleza kwa nini vitambaa chakavu vimeingia katika sanaa hii, na kwa maoni yetu ndiyo bora: kile udongo usichokuwa nacho, mitumba inacho. Jinzi kuukuu imetiwa nili. Ndiyo nili ya kiwandani, iliyoanza kuuzwa na BASF ya Ujerumani mwaka 1897, lakini kikemia ni ile ile ya kwenye mmea. Suruali moja iliyochakaa ina buluu tano: nzito ndani ya mshono na chini ya mfuko, ya wastani nyuma, nyeupe kabisa magotini. Kata vipande, vipange kutoka cheusi hadi cheupe, na umeipata bahari kutoka mkondo wa kina mpaka povu kwenye mwamba.

Kitambaa: kijue kabla ya kukipaka

Neno "chakavu" linaficha mengi. Leso, kikoi, shuka, tanga na gunia havifanani, na siku hizi hata leso mbili za duka moja huenda moja ni pamba na nyingine ni polyester. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio, ziguse na moto. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi na huacha jivu laini. Polyester husinyaa, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Usiitupe. Ishone kama kiraka chenye rangi yake yenyewe, ila usiipake udongo ukitegemea utashika, na usiichovye kwenye rangi za mimea.

Pamba yoyote iliyovaliwa ina mafuta na jasho, na mpya ina wanga wa kiwandani. Chemsha polepole kwa saa moja ndani ya maji yenye sabuni kidogo na magadi, kama kijiko cha chai kimoja kwa lita tano. Ukiona maji yamekuwa ya rangi ya chai, usishangae. Suuza mpaka yawe meupe. Tone la maji likidondoka kwenye nguo kavu linywe papo hapo. Likisimama kama shanga, mafuta bado yapo.

Tanga la mashua ni kitu kingine. Linapendwa kwa sababu limekwisha kupigwa na jua, viraka vyake vina hadithi, na wanunuzi wa mahotelini wanalitaka. Shida yake ni chumvi. Tanga lililofuliwa juu juu hunyonya unyevu kila usiku, rangi inavimba na kusinyaa nalo, na mwisho inabanduka kama magamba. Loweka kwenye maji baridi siku tatu, ukibadilisha maji asubuhi na jioni, kisha kausha na uliache ndani usiku mmoja. Alfajiri liguse. Likiwa na ubaridi wa unyevunyevu, rudisha majini.

Jingine ni nguvu. Jua hula pamba. Vuta kipande kwa vidole viwili viwili: kikichanika kama gazeti, kishonee nguo nyingine nyuma kabla ya kazi yoyote. Usikipitishe kwenye cherehani kwa mshono mdogo mdogo, kwa sababu matundu yaliyokaribiana yatakipasua kama stempu. Mkono, uzi wa pamba, na mishono ya nusu sentimita.

Na kwa anayenunua "tanga halisi": fumua kidogo mshono mmoja utazame chini ya mkunjo. Tanga lililosafiri litakuwa na rangi tofauti pale ambapo jua halikufika. Turubai jipya lililochovywa kwenye chai lina rangi ile ile kila mahali.

Gunia linavutia kwa fukwe na vichuguu vya mchanga, kwa ule ukwaruzi wake. Lakini gunia la juti lina kitu ndani yake kinachogeuka hudhurungi kwa mwanga, na nyuzi zake huwa kavu zenye kukatika. Litumie sehemu ndogo, mahali ambapo kugeuka kahawia hakutaharibu picha. Anga la gunia ni kosa.

Gundi, mahali kazi nyingi zinapoharibikia

Uji wa ngano au wa muhogo ndio unaopendekezwa sana kwa sababu ni rahisi. Katika hewa ya pwani ni karamu ya mende na kuvu. Gundi ya mgunga, iliyolowekwa sehemu moja kwa mbili za maji vuguvugu, ni nzuri kwenye karatasi chini ya kioo, lakini kwenye nguo iliyo wazi inanata kila unyevu ukipanda. Zimebaki mbili za kutegemewa.

Kwa leso, kikoi na nguo yoyote nyepesi, tumia maziwa ya soya. Loweka kikombe kimoja usiku kucha, saga na vikombe vinne vitano vya maji, chuja kwa kitambaa. Paka nguo tupu kwa maziwa hayo kwanza, ikauke, ndipo uchanganye mengine na unga wa udongo upake tabaka jembamba jembamba. Protini yake hukaza polepole, kwa hiyo picha isiguswe na maji kwa mwezi mmoja. Haivunjiki nguo ikikunjwa, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Ubaya ni kwamba kwa joto letu huchacha siku hiyo hiyo. Tengeneza kidogo.

Kwa tanga lililowambwa kwenye fremu, tumia maziwa na chokaa. Chemsha lita moja ya maziwa, yapoe, toa malai yote, kamulia limau mpaka yakatike. Chuja, suuza lile donge, likamue. Kwa vijiko vitano vya donge tia kijiko kimoja cha chokaa iliyozimwa, nzito kama dawa ya meno, koroga, subiri robo saa. Punje zitayeyuka na kuwa uteute kama wa bamia. Hiyo ni gundi isiyoyeyuka tena ikishakauka. Ongeza maji kiasi sawa, utumie siku hiyo. Mafundi wa vyombo hawatashangaa: deheni ya kupaka chini ya jahazi nayo ni chokaa na shahamu. Kasoro yake ni ugumu. Ukipaka nene, au ukikunja nguo, inapasuka.

Na usiitie manjano humo ukitarajia kupata manjano. Chokaa itafanya kazi ya ile sabuni ya kanzu, na jua lako la asubuhi litatoka jekundu.

Kuchanganya ni kama kupika uji: unga ulowekwe kwanza kwa maji kidogo mpaka uwe rojo, ndipo gundi iingie. Ukianza na gundi utapata mabonge. Kipimo ni kidole. Paka kipande cha majaribio, kikauke, kisugue kwa kitambaa cheupe. Kikitoa unga, gundi haitoshi. Kiking'aa na kupasuka nyufa, imezidi.

Kupanga mandhari

Fundi wa makuti huanza chini, kwenye mchirizi, na kila safu ya juu inafunika ya chini ili maji yateremke. Mandhari ya vitambaa ni kinyume chake: unaanza na anga juu, na kila kilicho karibu kinafunika kilicho mbali. Anga, mstari wa bahari, mwamba, ufuo, minazi ya mbele. Acha sentimita moja na nusu ya kufunikana, na kwenye mistari ya mbali kunja ukingo ndani ili uwe safi. Ya karibu iache ichanikechanike, kwa sababu jicho huona nyuzi kwa karibu na haioni kwa mbali. Rangi nazo zifuate hivyo: mbali pawe pamefifia na pa baridi, karibu pakolee. Shona vipande vyote kwanza, paka udongo mwisho, ili rangi ipite juu ya mishono na kuiunganisha. Wanaopaka kwanza huitoboa rangi yao kwa sindano.

Mambo yanayosemwa sana

"Chumvi na siki hushikisha rangi." Kwa pamba na rangi za mimea, hapana. Siki huibadilisha rosela iwe nyekundu zaidi, na watu huona mabadiliko wakadhani ni kushika. Anayetaka rangi ya mmea kwenye pamba aanze na kitu kikali kama maganda ya komamanga au magome ya mkandaa, uzito sawa na nguo, yachemshwe saa moja na nguo ilale humo, kisha shabu gramu 15 kwa kila gramu 100 za nguo kavu. Magome yaombwe kwa wauza boriti, yanayobanduliwa na kutupwa. Mikoko iliyosimama kwenye hori ya Mida isiguswe.

"Cha asili hakidhuru." Chokaa mbichi huunguza macho. Vumbi la udongo si la kuvutwa puani, funga kitambaa. Na zingefuri, neno ambalo kwetu limebaki kwenye mti wa mbegu nyekundu zisizo na madhara, asili yake ni jina la jiwe jekundu lenye zebaki. Wapo pia wanaodhani piko inayochorwa mikononi ufukweni ni hina nyeusi. Hina nyeusi haipo: ile ni rangi ya nywele ya kiwandani, na imewachoma ngozi wengi.

"Mpaka uione miaka kumi ndipo ujue kama inadumu." Wiki nne zinatosha. Paka kila rangi kwenye utepe wa nguo, funika nusu kwa gamba la boksi, bandika dirisha la magharibi. Manjano utayaona yakiondoka wiki ya kwanza. Udongo utaupata vile vile pande zote mbili.

Picha ikimalizika, isigusane na ukuta wa mawe ya matumbawe, ambao hunyonya unyevu na chumvi. Weka vijiti viwili vya mbao nyuma yake vyenye unene wa sentimita mbili, hewa ipite. Vumbi litolewe kwa brashi laini, bila maji. Mnunuzi akitaka kusafiri nayo, iviringwe kwenye bomba pana, sentimita 10 au zaidi, upande wenye rangi ukiwa nje. Ukiuweka ndani, rangi hubanwa na kujikunja, na akifungua kwake ataokota udongo wa Magarini sakafuni.